Mtoto anayesomea nyumbani asifichwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie suala ambalo wazazi wengi wa Nairobi wanalijadili kwa sauti ya chini, kwenye vikundi vya WhatsApp na nje ya makanisa na misikiti baada ya ibada, lakini hawathubutu kulileta hadharani kwa sababu wanajua kwamba sheria haiko upande wao. Ni suala la mzazi kumtoa mtoto wake shuleni, au kutompeleka kabisa, akaamua kumsomeshea nyumbani. Nilifundisha katika shule za msingi za umma kwa miaka 34, mingi kati ya hiyo nikiwa upande wa Eastlands, hadi nilipostaafu mwaka 2018, na tangu wakati huo nimewafundisha watoto kadhaa majumbani mwao kwa ombi la wazazi wao. Nimesikiliza sababu za wanaounga mkono jambo hili na za wanaolipinga, na nyingi za pande zote mbili ninazikubali. Ninalolisisitiza mimi ni hili: mtoto anayesomea nyumbani lazima ajulikane. Jina lake liwe kwenye daftari la ofisi fulani, na ofisi hiyo iwe na mtu mwenye wajibu wa kuja kumwona.

Niruhusu nieleze kwa mfano wa mtoto mmoja wa mtaa wa Umoja. Muhula wa pili wa mwaka 2023 alikuwa katika Gredi ya 3, na alikuwa na kigugumizi. Darasani mwao walikuwa watoto 72. Kila alipoitwa kusoma kwa sauti, wenzake walianza kumwiga kabla hajalimaliza neno la kwanza, na mwalimu wake aliona afadhali asimwite tena. Simlaumu mwalimu huyo. Nimesimama mbele ya darasa kama hilo, na ninajua jinsi kipindi cha dakika 30 kinavyokwisha kabla hujawafikia watoto wa safu ya nyuma. Kufikia katikati ya muhula mtoto alikuwa hasemi neno akiwa shuleni. Nyumbani aliamka akilalamika tumbo kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Wazazi wake walikwenda kuonana na mwalimu mkuu mara tatu. Waliporudi mara ya nne, walikwenda kuchukua vitabu vyake.

Siku ya kwanza nilipofika kwao hakuitikia salamu yangu. Nilijua kutokana na kazi yangu kwamba ulimi wa mtu mwenye kigugumizi mara nyingi hufunguka anapotamka maneno pamoja na wengine au anapoimba, kwa hiyo wiki mbili za kwanza hatukufungua kitabu. Nilitega vitendawili. Nilikuwa nikisema "Kitendawili!" na dada yake mdogo ananijibu "Tega!", na siku ya tatu nikasikia sauti mbili zikijibu. Neno lile lilimtoka zima, bila kukwama. Kutoka hapo tuliingia kwenye nyimbo, kisha tukawa tunasoma aya moja mimi na yeye kwa pamoja, nami nikipunguza sauti yangu kidogo kidogo hadi akajikuta anasoma peke yake. Kazi hiyo ilituchukua miezi minne, saa moja na nusu kila siku, kwenye meza ya kulia chakula yenye kitambaa cha plastiki ambacho mtoto alikuwa amekichora mistari ya namba kwa kalamu ya wino, na mama yake hakumkataza. Hakuna mwalimu wa watoto 72 ambaye angeweza kuifanya kazi ile, hata awe hodari kiasi gani.

Basi mzazi anaponiambia kwamba amemtoa mtoto shuleni kwa sababu mtoto anapotelea katika umati, siwezi kumwambia kwamba anakosea. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na yeyote aliyewahi kukaa ofisini mwa mwalimu mkuu anajua kwamba hata hizo mara nyingi huchelewa. Kutoka kwa fedha hizo mtoto anatarajiwa apate vitabu, chaki na ukarabati wa darasa. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, iliwaingiza shuleni watoto wengi sana ambao wangebaki nje, na mimi nilikuwepo siku zile milango ilipofunguliwa tukapokea watoto hadi madawati yakaisha. Ninaionea fahari kazi hiyo mpaka leo. Lakini tangu hapo hatujajenga madarasa wala kuajiri walimu kwa kasi ya kulingana na watoto tuliowaita.

Wako wazazi wanaosukumwa na hofu ya usalama, na hofu yao haikutokana na uvumi. Septemba 2019 jengo la shule ya Precious Talent, katika eneo la Ngando, Dagoretti, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa madarasani, wakafa wanafunzi 8. Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha katika Kaunti ya Nyeri, wakafa wavulana 21. Mzazi aliyeziona picha zile kwenye televisheni halafu akamvalisha mwanawe sare asubuhi iliyofuata anajua mikono yake ilikuwa ikifanya nini.

Kisha kuna suala la saa. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na yaishe saa tisa na nusu alasiri, ila katika jiji hili basi la shule humchukua mtoto wa miaka saba langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kungali na giza, na kumrudisha jioni akiwa amelala kitini. Kazi ya ziada humsubiri nyumbani. Chini ya mtaala wa umilisi mzazi hutumwa kutafuta mbegu, kuunda vinyago vya udongo na kwenda saiba ya mtaani usiku kuchapisha picha za rangi, na mama mmoja wa Kayole aliniuliza swali ambalo nimelikumbuka hadi leo: "Mwalimu, kama kufundisha ninafundisha mimi usiku, hiyo karo ninailipia nini?" Nilimweleza kwamba mtaala haukukusudia azifanye yeye zile kazi, kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuzifanya. Alinisikiliza kwa heshima, lakini sikumridhisha, na nadhani alikuwa na haki ya kutoridhika.

Sababu za dini nazo zipo, na ningependa tuziheshimu. Eastleigh na South C ninazijua familia za Kiislamu ambazo humtoa mtoto shuleni mwaka mmoja au miwili ili ahifadhi Qur'ani, kisha humrudisha. Ninazijua pia familia za Kikristo zinazotaka Biblia iwe msingi wa kila somo, hata hesabu. Wazazi hawa huninukulia methali ya "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", nami nimeitafakari sana methali hiyo kwa sababu hutajwa kana kwamba imemaliza maneno. Wazee walioitoa hawakumwachia mama peke yake kazi ya kufunza. Palikuwa na nyanya na shangazi, palikuwa na somo na kungwi, palikuwa na mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na palikuwa na jirani ambaye angeweza kumkanya mtoto wa mwenziwe njiani na mama akasema ahsante. Mtoto alikuwa akipita katika mikono mingi, na kila mkono ulikuwa umewahi kumwona. Fleti ya vyumba viwili Pipeline au Kasarani, iliyofungwa mlango wa chuma, ambamo mtoto hukaa na mzazi mmoja na simu moja kuanzia asubuhi hadi jioni, haifanani na malezi yale, na haifai kuitwa kwa jina lake.

Hapa ndipo ninapolazimika kurudi kwa yule mvulana wa Umoja, kwa maana nikiishia pale aliposoma peke yake nitakuwa nimeeleza nusu tu ya mambo. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akisoma vizuri kuliko wengi wa rika lake, na hesabu za sehemu alizijulia kwenye chapati na kwenye tokeni za stima, ambazo baba yake alimwachia kazi ya kuziandika kila zinaponunuliwa na kupiga hesabu zitakwisha siku gani. Lakini kila siku ifikapo saa tisa na nusu alikuwa akiinuka bila kuomba ruhusa na kwenda kusimama kwenye roshani. Kutoka ghorofa ya tatu alikuwa akiwaona watoto wakitoka shule. Alikuwa amezijua shule zote za karibu kwa rangi za sweta, na alijua ni mvulana gani hutembea na nani, nani amegombana na nani wiki hii, na nani amepata viatu vipya. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, wale leo wamecheka nini?" Nilikuwa na majibu ya hesabu na ya sarufi, ya swali lile sikuwa nayo. Mtoto huyu alikimbia vicheko vya wenzake, na baada ya mwaka mmoja na nusu vicheko hivyo ndivyo alivyokuwa akivitamani. Alihitaji kujifunza kuzungumza mbele ya watoto waliomcheka, na somo hilo mimi na dada yake hatungeweza kumpa, hata tungetega vitendawili elfu.

Wanaotetea masomo ya nyumbani hujibu kwamba mtoto anaweza kupata wenzake kanisani, kwenye kilabu cha kuogelea au kwenye vikundi vya familia zinazokutana mara moja kwa wiki katika bustani ya Arboretum. Nimewaona watoto wa vikundi hivyo na wengi wana adabu na uchangamfu. Ila wote ni watoto wa watu wanaofanana: wana gari, wana bima ya afya, na wazazi wao wamekwishachaguana. Shule ya umma ya mtaani, pamoja na kasoro zake zote, humketisha mtoto wa mhasibu kwenye dawati moja na mtoto wa mama mboga, Mkamba kando ya Mluo, na wote wawili huomba ufutio kwa lugha moja.

Nimeitaja lugha, na hapo sitaharakisha. Familia mbili kati ya nilizozifundishia zilifuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza, na moja ilitumia vijitabu vya ACE, mtaala wa Kikristo kutoka Marekani, ambavyo mtoto huvisoma kimya peke yake na kusahihisha kazi yake mwenyewe chini ya uangalizi wa mzazi. Sikatai kwamba mitaala hiyo ina mpangilio mzuri, na mzazi huichagua kwa sababu inakubali mtoto afanye mitihani bila kuwa mwanafunzi wa shule. Lakini niliitwa katika nyumba moja ya Donholm kumfundisha Kiswahili msichana wa miaka 11, aliyezaliwa Pumwani na ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi hii, nikakuta hajui kuhesabu kwa Kiswahili kupita kumi na tano. Alikuwa akiweza kueleza safari ya maji kutoka baharini hadi mawinguni kwa Kiingereza safi. Nilipomtuma dukani hapo chini akanunue kibiriti, alirudi mikono mitupu kwa sababu muuzaji alimwambia hakuna chenji, naye hakuelewa anaambiwa nini. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni mojawapo ya lugha rasmi. Mtoto yule alikuwa analelewa kama mgeni katika mtaa wake mwenyewe, na mama yake, ambaye alimpenda kuliko roho yake, hakuwa ameliona hilo hadi siku ile ya kibiriti. Hakuwepo mtu wa kumwambia.

Kuna suala la fedha ambalo nitaligusa kidogo tu. Wengi hudhani masomo ya nyumbani ni nafuu kwa kuwa hayana karo, na hawahesabu mshahara wa mzazi anayeacha kazi. Kwa familia ambayo baba na mama wote hupanda matatu kabla ya jua kuchomoza, mjadala huu wote haupo. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakabaki nyumbani hadi Januari 4, 2021, kila mzazi wa nchi hii alipewa kazi ya ualimu bila kuiomba. Wapo waliogundua kwamba wanaiweza. Wengi zaidi waligundua kwamba kumjua mtoto na kujua kumfundisha ni vitu viwili.

Sasa niseme habari ya mtoto wa pili, ambaye ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Mwaka jana jirani mmoja aliniomba nimsaidie binti wa ndugu yake, akisema kwamba binti huyo "anasomeshewa nyumbani". Neno hilo lilinitosha, nikabeba vitabu. Nilimkuta binti wa miaka 12 katika kibanda cha mama yake sokoni, amembeba mtoto mchanga mgongoni, mkono mmoja unapima maharagwe na mwingine unapokea pesa. Nilimpa ukurasa wa kitabu cha Gredi ya 2. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kuniambia hadithi ya picha iliyokuwa juu ya maneno, kwa ustadi mkubwa, akitumaini kwamba sitajua kuwa hasomi. Hakuwa amefika shuleni kwa miaka miwili. Mama yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa na mume, ana watoto wanne, na majirani walipoanza kuuliza maswali alikuwa amesikia mahali fulani kwamba siku hizi watu husomeshea watoto nyumbani, akaona hilo ni jibu ambalo halina aibu.

Huyu ndiye mtoto ambaye sheria ilimkusudia. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 30, inamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria masomo kwa ukawaida katika shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wazazi wanaosomeshea watoto nyumbani walifika hadi Mahakama Kuu wakidai kwamba masharti hayo yanakiuka haki zao, na ombi lao likakataliwa. Wapo walioshangilia uamuzi huo na wapo waliolia. Mimi naona kwamba ulituacha mahali pabaya, kwa sababu watoto wa Umoja na wa Donholm hawakurudi shuleni kutokana na uamuzi huo. Walichofanya wazazi wao ni kufunga mapazia. Na pazia likishafungwa, binti wa sokoni hujificha nyuma ya pazia hilo hilo, na chifu akibisha hodi haambiwi tofauti yao.

Adhabu ya kutojulikana humwangukia mtoto, na hata mtoto aliyefundishwa vizuri. Wazazi wa yule mvulana walipoamua kumrudisha shule Januari 2025, walizunguka kwa walimu wakuu wawili, wote wakawauliza swali moja: rekodi za tathmini zake za Gredi ya 4 ziko wapi? Hazikuwepo. Nilikuwa na madaftari yake yote, nimeyasahihisha kwa mkono wangu na kuyatia tarehe, nikaandamana nao hadi shule ya tatu, na mwalimu mkuu wa huko akayapekua kwa makini, akamsikiliza mtoto akisoma, akasema ukweli kwamba anaona anaweza kumudu Gredi ya 5 lakini hana mahali pa kuingiza alama hizo kwenye mfumo. Mtoto akaanza Gredi ya 4, nyuma ya rika lake kwa mwaka mzima. Wazazi wanaodhani wanaweza kumtoa mtoto na kumrudisha wapendavyo wanapaswa kujua kwamba mtaala huu hauruhusu hivyo. Katika kupangiwa shule ya upili baada ya Gredi ya 9, mtihani wa KJSEA huchukua asilimia 60 ya alama, ule wa KPSEA wa Gredi ya 6 huchukua asilimia 20, na asilimia 20 zilizobaki hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Mtoto asiyekuwa katika shule yoyote hana pa kuzipata alama hizo za mwisho. Siku za KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza darasa la nane, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani mmoja ulikuwa ukitosha. Siku hizo zimekwisha.

Nchi nyingine zimechagua njia mbalimbali. Ujerumani imekataa kabisa, na kila mtoto huko lazima aende shule. Afrika Kusini iliruhusu kwa sheria yake ya shule ya mwaka 1996, kwa sharti kwamba mzazi amsajili mtoto, na mwaka 2024 ikaikaza sheria hiyo ili mtoto apimwe na mtu mwenye ujuzi mwishoni mwa kila ngazi. Hata hivyo sioni haja ya kwenda Pretoria kutafuta mfano. Hapa hapa Nairobi, shule ndogo za Mukuru, Mathare na Kibera zilifanya kazi kwa miaka bila kutambuliwa, katika vyumba vya mabati, zikiwafundisha watoto ambao shule za umma hazikuwafikia. Serikali ingeweza kuzifunga zote. Iliamua kuziwekea masharti ya kusajiliwa chini ya mpango wa APBET, yaani wa shule zinazotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala, na watoto wake wakaanza kuhesabiwa. Kwa watoto wenye ulemavu ambao hawawezi kufika darasani, Wizara yenyewe inatambua kwamba mwalimu anaweza kuwafuata nyumbani. Kwa hiyo wazo la mtoto kusomea nyumbani na bado awe mwanafunzi wa Kenya si geni kwa Wizara.

Ninachomwomba Waziri wa Elimu ni kulitumia neno ambalo sheria imekwisha mwekea mkononi, pale inaposema "taasisi nyingine" atakayoiidhinisha. Aweke masharti. Mzazi anayetaka kumsomeshea mtoto nyumbani aandikishe jina la mtoto huyo katika shule ya umma iliyo karibu naye, ili mtoto awe na namba kwenye mfumo na afanyie tathmini zake hapo pamoja na wenzake. Afisa wa elimu wa eneo afike nyumbani angalau mara moja kila muhula, azungumze na mtoto mwenyewe, aone madaftari. Kiswahili kiwe cha lazima hata kwa anayefuata mtaala wa kigeni. Na mtoto anayetaka kurudi shuleni apimwe na kuwekwa katika gredi anayoiweza. Haya hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji maafisa wapewe nauli ya kuwafikia watoto, jambo ambalo walimu wenzangu watanikumbusha kwamba halijawahi kuwa jepesi, na ninakubaliana nao.

Kwa wazazi wenzangu wanaosomeshea watoto nyumbani, najua wengi hamtapenda kusikia habari ya afisa kubisha hodi. Mmoja wenu aliniambia kwamba alimtoa mtoto shuleni ili serikali isimguse, na sasa mimi ninaiita imfuate sebuleni. Ninaielewa hasira hiyo. Lakini jiulize binti yule wa sokoni angesaidiwa na nani kama mlango wa kila nyumba ungebaki umefungwa, na kama kuna njia ya kuufungua mlango wa kibanda chake bila kuugusa wako. Mimi nimeitafuta njia hiyo na sijaiona.

Binti huyo yuko shuleni tangu muhula wa kwanza. Chifu na shangazi yake walisaidia, na mtoto mchanga sasa hushinda kwa jirani. Amewekwa na watoto wadogo kwake kwa miaka minne, anakaa nyuma, na ananiambia magoti yake hayaingii chini ya dawati. Mvulana wa Umoja bado hukwama kwenye herufi "k" akiwa na haraka, na sasa ana rafiki mmoja ambaye humsubiri amalize.

Mimi ningali ninawafundisha watoto wawili katika nyumba moja ya Buruburu. Nimewauliza wazazi wao kama ninaweza kuandika haya, na wamekubali. Siku ambayo Wizara itakuwa tayari kuandikisha majina, yao ninayo, pamoja na madaftari yao ya tangu siku ya kwanza. Huanza saa tatu asubuhi, na mlango huwa hatuufungi kwa ufunguo.

Mwalimu mstaafu,
Nairobi